Nilimnywesha Mama Kanji ya Kofia

Wenzangu, kosa ni langu. Si la nesi, wala si la unga wake. Ni langu mimi!

Mwaka jana mama alipooza upande mmoja na koo likalegea. Maji matupu yalimpotea njia yakaingia mapafuni. Nesi mmoja wa hapa Malindi akanipa kopo la unga. Unakoroga kijiko kimoja kwenye maji baridi, yanakuwa mazito kama uji na kukaa hivyo hivyo. Mama akawa anameza vizuri, hata uso ukamrudi.

Lakini mimi mjuaji! Nikasoma kopo: wanga uliobadilishwa kwa kemikali. Nikamwuliza shemeji yangu, ambaye yuko kwenye kiwanda cha maboksi Mombasa. Akacheka.

"Shemeji, wanga wa namna hiyo ndio tunaogundishia maboksi. Mwamnywesha bi mkubwa gundi?"

Moyo ulinipasuka. Na wanga naujua, jamani! Mama ametulea kwa kutia kanji ya wanga kofia na kanzu za watu ili zikakamae. Unakuna muhogo, unakamua, wanga unatuama chini, unauanika. Nikasema wanga ni wanga, bora huu wetu usio na dawa. Nikaupika ukashika kuliko hata ule wa kopo. Nikajisifu!

Sikujua kwamba wanga wetu ukishapoa na kukaa hutoa maji. Ile kemikali niliyoitukana, kazi yake ilikuwa kuyazuia maji hayo. Kikombe nilichopika asubuhi nilimpa mama alasiri, bila hata kukitazama. Maji yalikuwa yamejitenga juu. Akapiga funda moja, akapaliwa, midomo ikambadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali, mapafu yamejaa.

Kakangu akaja kutoka Magarini akiwaka moto.

"Dada, mama alikuwa anywa nini?"

"Unga wa nesi."

Maneno matatu tu, na ulimi wangu haukukwama! Akaenda nami kumkabili yule binti nesi mbele ya wagonjwa: "Umemnywesha mamangu gundi!" Binti akanigeukia mimi, machozi yanamtoka. "Mama, si wewe uliniambia anaendelea vizuri?" Nikamshika kaka mkono, tukaondoka. Siku hizi hayuko pale kazini. Nimemwulizia, hakuna anayetaka kunijibu.

Nyinyi mnaouguza wazazi, nawasihi! Msibadilishe kitu mlichopewa kabla ya kumwuliza aliyewapa. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wenu. Mimi kila nikifungua kinywa mbele ya kakangu, yeye hunitangulia kunishukuru kwa kumtunza mama.

Mama yu hai. Analishwa kwa mpira uliopita puani, na daktari amekataza hata tone la maji mdomoni. Kila nikiingia ananionyesha kikombe kwa ule mkono wake mzima.

"Maji, mwanangu."

Namwambia asubiri kidogo, mama, asubiri. Naye ananiamini, anasubiri.