Vibati, Vikombe na Mafuta ya Nyonyo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mkuu wa hospitali yetu pale Same alinionyesha mashine ya kupima moyo, nzito kama ng'ombe wa Ndungu aliyeshiba, akasema, "Hii ndiyo kazi yako. Ukiivunja, nenda moja kwa moja kwenu, usipitie ofisini kwangu." Nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni, na kwa cheti kile nilijiona mrefu kuliko mlima Shengena.

Ninyi vijana mnabandika vidude vyenye gundi, mnatupa, mnachukua vingine. Sisi tulikuwa na vibati vinne, viwili vya mikono na viwili vya miguu, vya kunasa umeme mdogo ambao moyo huutoa kila unapopiga. Vilifungwa kwa mikanda ya mpira, na mikanda yenyewe ililegea kwa joto la Same mpaka nikawa nafunga kwa bandeji. Kifuani tuliweka vikombe vya kunyonya, vya chuma, vyenye puto la mpira mgongoni. Unaliminya puto, unakiweka kikombe, unaliachia, kinang'ang'ania kama kupe. Mwenye kifua cha nywele, kiliruka. Kimoja kiliruka mpaka kwenye chai ya Matroni, na akainywa.

Lakini kilichonitoa roho ni mafuta. Enzi zile za vijiji vya ujamaa hakuna mtu aliyeshuka milimani kuja hospitali bila kuoga na kupakwa mafuta ya nyonyo kuanzia utosini hadi kwenye unyayo. Kuja umepauka ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Na mafuta huzuia ule umeme usifike kwenye kibati. Nilifundishwa kufuta ngozi kwa spiriti, kisha nipake dawa nzito ya chumvi. Spiriti ilipoadimika, nilifuta kwa kitambaa kikavu nikaendelea. Nani angeniuliza?

Ndipo, miaka kadhaa baadaye, akaja Eliamini. Alikuwa fundi wa korona, mashine ya kukamua mkonge, kwenye shamba moja kule tambarare. Alizimia kazini, meneja akataka cheti cha moyo. Moyo ukiwa mbovu, haigusi tena korona, na nyumba ya kambini anaiacha yeye, mkewe na watoto sita. Mkewe, Mama Nakundwa, alimleta amempaka mpaka anang'aa kama sufuria ya harusi.

Nikampima. Karatasi ikatoka imejaa mikwaruzo, utadhani kuku wamepigana juu yake.

Mganga Mkuu akaitazama. "Moyo unatetemeka. Andika hafai kazi."

Eliamini alianza kufunga vifungo vya shati, akakosea, akaanza upya.

Nilimshika mkono kumwinua, na vidole vyangu vikaangukia kwenye mshipa. Mapigo yalikuwa yanakwenda sawasawa kama mgambo kwenye gwaride. Nikamwambia Mganga Mkuu, "Mzee, karatasi inasema hivi, mkono unasema vile. Nadhani ni mafuta. Naomba nimwogeshe nirudie."

"Wewe wa shule ya jioni ndiye wa kunifundisha moyo?"

"Hapana, Mzee. Nakufundisha sabuni tu."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Alinyoosha kidole mlangoni. "Kaitafute." Nikakimbilia kwa Matroni, ambaye sabuni ya wodi aliifungia kabatini kama dhahabu.

"Shikamoo, Matroni. Naomba kipande cha sabuni."

"Marahaba. Ya kuogeshea mgonjwa wa nje? Umelewa?"

Alinikatia kipande kama ukucha. Narudi, Mama Nakundwa kasimama katikati ya mlango.

"Humsugui! Atoke humu amepauka kama jivu, watu waseme simtunzi?"

"Mama, unataka ang'ae au arudi kazini?"

Akakivuta kile kipande mkononi mwangu. "Basi namsugua mwenyewe. Wewe hujui hata kusugua."

Alimsugua mpaka nikamwonea huruma. Nikapaka dawa, nikafunga vibati, nikabana vikombe. Mistari ikatoka safi, mmoja mmoja, imepangana kama mahindi kwenye gunzi. Mganga Mkuu akaichana karatasi ya kwanza, akaandika: alizimia kwa joto na njaa, anafaa kazi. Kabla hawajafika getini, Mama Nakundwa alikwisha kutoa kichupa chake akaanza kumpaka upya.

Wote walinisifu, hata Matroni. Nilicheka nao, kisha nikaenda kufunga chumba changu, nikakikuta kitambaa changu mezani. Kwa miaka miwili nilikuwa nimefuta kwa kitambaa kikavu. Wangapi walishuka milimani wameng'arishwa na wake zao, nikawapa mikwaruzo yangu, wakarudi na cheti cha kutofaa? Sasa nimestaafu, nina muda mwingi wa kuwahesabu, na siwezi, kwa sababu hakuna aliyerudi kulalamika; wote waliniambia asante.