Viganja Ukutani
Nikinusa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, viganja huniwasha hadi leo.

Nilikuwa mdogo. Upepo wa ziwa ulikuwa umegeuka, gugumaji limejaa ufukoni, mvua iko karibu. Mama alikuwa ameenda kwao kumuuguza nyanya. Baba akanionyesha kijumba alichojenga kando ya nyumba yetu.

"Hiki ni chako. Kikandike kabla mvua haijanyesha."

Nilikandika siku tatu huku nikiimba, nikaacha alama za viganja vyangu ukutani.

Mvua ya kwanza ilimkuta mwanamke mgeni ndani ya kijumba changu, na sanduku lake la bati.

"Msalimie mama yako mdogo," baba alisema.

Mama aliporudi alimpita baba. Akazigusa zile alama za viganja ukutani, akanigeukia.

"Kumbe ni wewe uliyemkandikia?"