Loisi na Macho ya Gari Moshi

Loisi wa Ihumwa alikuwa na majivuno, tusifichane. Akikutungia mkanda wa shanga, atakwambia mwenyewe kwamba hakuna mwingine kama huo kutoka Haneti hadi Kibakwe, tena atakwambia kabla hujauliza. Watu walimsema sana. Lakini siku ya harusi ikikaribia, hao hao ndio waliopiga hodi kwake.

Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipofika Dodoma, Loisi akaanza kupeleka maziwa ya mgando stesheni. Huko, kwenye karakana ya stesheni, ndiko alikomkuta fundi Bashiri, seremala mtu mzima kutoka pwani, akichonga gari moshi dogo la mti wa mninga, urefu wake kama mkono wa mtu. Mdachi mkuu wa stesheni aliliagiza ili aliweke ofisini kwake. Magurudumu yalizunguka, bomba la moshi lilisimama sawasawa, kila kitu kilikuwepo isipokuwa taa mbili za mbele. Lenzi zake, vioo vidogo kama punje za mtama, zilitoka Ulaya zikafika zimevunjika. Mdachi akasema basi, papakwe rangi nyeupe tu. Bashiri roho ilimuuma. Akahangaika na vipande vya chupa, akavisugua juu ya jiwe, vikamkata vidole na mviringo hakuupata.

Loisi alisimama na kibuyu chake akamtazama, kisha akacheka. Akamwambia hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea shanga, wala kioo hakihitajiki. Bashiri, vidole vinamuwasha, akamjibu kwamba shanga ni mapambo na hii ni kazi ya fundi, aende zake akauze maziwa. Hapo alimgusa pabaya. Mwanamke ametunga shanga tangu angali mtoto, leo aambiwe yeye si fundi!

"Nikizitengeneza, utaniita fundi mbele ya karakana nzima," alisema Loisi. "Nikishindwa, hamtaniona tena hapa stesheni."

Wafanyakazi wote walisikia, na riziki ya Loisi ilikuwa hapo hapo stesheni. Alikuwa amejifunga mwenyewe.

Akaenda porini kwenye migunga, akachagua gundi iliyo safi kuliko zote, ile inayopitisha mwanga. Akailoweka kwa maji kidogo, akaichuja kwa kitambaa. Waya wa shaba, ule wa bangili, akaukunja ukawa pete mbili ndogo, akazilaza juu ya jiwe laini. Kwa ncha ya mwiba akadondosha tone moja moja ndani ya kila pete, likatuna lenyewe katikati. Akazianika kivulini, maana jua kali hupasua gundi. Zilipokauka alizibandua, akazipachika kwenye matundu ya taa, na nyuma yake akaweka vipande vya bati la kung'aa. Bashiri alilisogeza gari dirishani, macho mawili yakawaka. Akatikisa kichwa kwa mshangao na kutabasamu.

Loisi angeacha hapo, yangekwisha. Lakini kwao Loisi kitu kipya hupakwa mafuta, iwe mkanda, iwe kibuyu, iwe bibi harusi. Kabla hajaondoka akazipaka lenzi samli, zing'ae zaidi.

Asubuhi upepo wa Dodoma ukaingia karakanani na vumbi lake jekundu, likaganda lote kwenye samli. Gari moshi likawa na mtoto wa jicho. Loisi akakurupuka, akasugua kwa kitambaa chenye maji, na gundi ikayeyuka ikabaki kwenye kitambaa. Wafanyakazi wakaangua kicheko. Mdachi alikuwa anakuja kesho yake kulichukua gari lake.

"Sasa samli ya nini, mama?" aliuliza Bashiri.

"Kosa ni langu," alisema Loisi. "Nipe leo tu."

Aibu ilimchoma. Akarudia yote tangu mwanzo, pete, gundi, mwiba, na safari hii akazifunika kwa ungo wenye matundu madogo uliopitisha upepo ukazuia vumbi. Upepo ule ule ukazikausha. Asubuhi akazipachika kavu, akarudi nyuma, mikono ameificha mgongoni asije akashawishika tena.

Mdachi alikuja, akainama, akalitazama gari kwa muda mrefu. Akampigapiga Bashiri begani, akamwambia hata lenzi za Ulaya zisingependeza hivyo. Bashiri angeweza kunyamaza tu. Badala yake akamwita Loisi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aje mbele.

"Mimi nimechonga mti, bwana," alisema, sauti imefika mwisho wa karakana. "Macho haya ni ya fundi mwenzangu. Fundi Loisi wa Ihumwa."

Waliocheka jana wakapiga makofi. Wote wakamgeukia wakijua sasa watakoma, atajisifu mpaka jua lizame. Loisi akafungua mdomo, kisha akaufunga. Maisha yake yote alikuwa akijisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfanyia kazi hiyo. Leo imeshafanywa, naye hakuona la kuongeza.