Mume Aliyeandikwa Kwamba Ameondoka

Nathalie alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ilikuwa mwaka 2012, chini ya turubai la mkutano huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Shirika moja dogo lilikuwa likiwapa wazazi wa watoto walemavu unga wa soya, mafuta ya kupikia, na mtu wa kuwanyoosha watoto viungo kila wiki. Sasa wafadhili walitaka kila mwenye kadi ya msaada huo apimwe mkojo mwanzoni mwa mwezi. Atakayekutwa na dawa za kulevya mara mbili, kadi yake itafutwa.

"Munakubali?" aliuliza Atuhaire, binti wa Kinyankore aliyekuwa mfanyakazi wa shirika.

Nathalie alikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza aliisema wazi: jirani yao Byamungu alikuwa akiuza mafuta ya mtoto wake ili anunue bangi, na mtoto amekonda hadi mbavu zinahesabika. Ya pili aliiweka moyoni. Mume wake mwenyewe, Appolinaire, alikuwa akivuta nyuma ya shamba la mtama kila jioni, naye alitumaini kwamba sheria ingefanya kile ambacho maombi yake hayakufanya.

Bibi mmoja mzee, Nyirabizimana, alisimama akiegemea fimbo. "Siku baba ataanguka mu hiyo mutihani," alisema, "mutoto yeye atakula nini?"

Watu waliguna. Mikono ikahesabiwa.

Appolinaire hakuwa mlevi. Alikuwa seremala kutoka Mwenga, huko Kongo, mtu mpole, mwenye vidole vyenye makovu ya patasi. Aliyoyaona kwao kabla ya kukimbia hakuwahi kuyasimulia, lakini usingizi uliyajua. Bila bangi alilala akipiga ngumi na mateke, akiita majina ya watu waliokwisha kufa. Akivuta, alilala kama mtoto. Alipoambiwa habari ya mkojo alisema, "Kadi iko mu jina yangu. Nitaacha." Akaacha siku hiyohiyo.

Wiki ya pili mikono ilimtetemeka hata randa ikawa inaruka juu ya ubao. Akahamishia mkeka wake nje, chini ya upenu, asije akamwumiza mtoto wao. Ndipo Nathalie alipomwombea kibali cha kutoka kambini, akampeleka hospitali Mbarara. Daktari alimsikiliza muda mrefu, akampa vidonge vya usingizi na kumwonya asivikatize. Vilimfaa. Mwezi ule Nathalie alimsikia akipiga mluzi huku akiranda mbao, jambo ambalo hakulisikia tangu wavuke mpaka. Alidhani wameshinda.

Siku ya kupimwa, Atuhaire alitumbukiza kijiti kwenye kikombe cha plastiki. Kijiti kilikuwa na nafasi za mistari mitano. Mstari ukitokea, mtu ni safi, usipotokea, amekosa. Mstari wa bangi ulitokea, mwekundu na wazi. Mitatu mingine ikaufuata. Wa tano haukutokea.

"Huu ni wa vidonge vya kulevya," alisema Atuhaire.

Appolinaire alitoa pakiti mfukoni, pamoja na karatasi ya daktari. Atuhaire aliisoma mpaka mwisho. Alitoka nje akapiga simu kwa wakubwa wake, akarudi uso umebadilika.

"Mzee, mimi naamini wewe," alisema. "Lakini hii kitabu iko na mahali mbili tu. Ya safi na ya hapana safi. Ya kusema daktari ametoa, hapana. Wamesema sheria ni moja kwa watu yote."

"Basi nifanye nini?"

Atuhaire alikunja karatasi ya daktari polepole, akamrudishia. "Mwezi ujao, kuja safi."

Walirudi nyumbani. Binti yao Sonia, mwenye miaka minane, alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia, miguu yake imekunjika vile alivyozaliwa. Alikuwa ameanza kuinyoosha kidogo tangu apate yule mtu wa mazoezi. Mazoezi yale nayo yalikuwa ndani ya kadi.

Appolinaire aliacha vidonge. Siku ya tisa mvua ikamwondoa upenuni, akaingia kulala ndani. Kulipokucha, mdomo wa Sonia ulikuwa umepasuka. Mtoto hakumlaumu. Alisema tu, "Baba alikuwa anapigana na bantu, watu ya mu ndoto yake," akaendelea kunywa uji upande mmoja wa mdomo.

Appolinaire alikaa shambani mpaka jua likawa kali. Aliporudi alikuwa amekwisha kupata njia, na Nathalie alijua ni mbaya kabla hajafungua kinywa.

"Mama Sonia," alisema, "mwanamuke mwenye aliachwa na bwana yake anapewa kadi yake mwenyewe. Wewe ukipimwa utatoka safi. Waandikishe kama nimekuacha."

"Na wewe utaenda wapi?"

"Makenke. Ku kambi ya basoda, askari ya Mbarara, kuko kazi ya vitanda."

"Sitasema uongo mbele ya Mungu."

"Sema mbele ya Atuhaire tu," alijibu. Hakucheka, wala Nathalie hakucheka.

Nathalie aliitafuta njia nyingine siku nne. Kila aliyoigusa ilikuwa imezibwa. Appolinaire akivuta, kadi inafutwa. Akimeza vidonge, inafutwa. Asipotumia chochote, ataumiza mtoto. Siku ya tano alisimama mbele ya meza ya Atuhaire.

"Mume aliondoka lini?"

"Juma iliyopita."

"Sababu?"

Hilo hakuwa amelitayarishia jibu. Nyuma yake wanawake kumi walikuwa kwenye foleni, masikio wazi. "Alipata mwanamuke ingine," alisema.

Atuhaire alimtazama. Kisha akaandika.

Habari ilifika kanisani kabla yake. Wanawake walimletea maharage na maneno ya kumfariji, wakamtukana Appolinaire mpaka Nathalie akatamani kuziba masikio, naye ilimbidi aitikie. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumfundisha Sonia. "Wakikuuliza baba iko wapi, sema sijui." Mtoto aliuliza, "Hata kama najua?" Akamwambia, hata kama unajua.

Kila miezi miwili aliomba kibali cha kumpeleka Sonia hospitali, na kutoka hospitali walipanda boda hadi Makenke. Appolinaire alikuwa akilala kwenye banda la Robinah, mke wa koplo, akitengeneza vitanda na milango ya familia za askari. Alimeza vidonge vyake, akalala salama. Alimchongea Sonia fremu ya mbao ya kushikilia, na katika ua ule mtoto alipiga hatua zake za kwanza. Nyumbani fremu iliitwa kazi ya fundi wa mjini.

"Huyu mzee hana maneno," Robinah alimwambia Nathalie siku moja. "Lakini nyinyi watu, kwa nini hapana sema ukweli huko?"

"Tulianza na ukweli, mama," alijibu Nathalie. "Ndio ulitufukuzisha."

Walivumilia hivyo miaka miwili. Hata kama moyo ungeshindwa, mlango wa kurudi ulikuwa umefungwa: aliyegundulika kuandikisha uongo angefutwa, asirudishwe tena.

Mwishoni mwa mwaka 2014 wafadhili waliondoka. Kadi zote zikawa karatasi tu, za walio safi na za wasio safi. Sonia alikuwa akienda na fremu yake mpaka kisimani. Wiki ileile Appolinaire alishuka kwenye gari na sanduku lake la vifaa, akapita katikati ya Rubondo mchana kweupe, na watu wakatoka kwenye milango kumtazama mume wa aibu anavyorudi.

Mchungaji hakukubali aingie nyumbani hivihivi. Jumapili aliitwa mbele. Nathalie alikuwa amemsihi usiku kucha waseme yote, na Appolinaire akamwuliza nani angeamini, na wakiamini, je, si Nathalie ndiye angeitwa mwongo na mwizi wa mafuta ya watoto? Kwa hiyo Appolinaire alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akaungama mwanamke ambaye hakuwahi kuwako.

"Mama Sonia," mchungaji aliuliza, "unamusamehe?"

Alimwangalia mume wake kisogoni, pale nywele zilipoota mvi akiwa mbali. Kanisa zima lilimngoja.

"Namusamehe," alisema.

Watu wakapiga makofi. Nyuma, mama mmoja akamnong'oneza achunge simu ya bwana yake, maana wanaume wa aina hiyo hurudia. Nathalie akamshukuru kwa shauri hilo.