Anwani Niliyoishona Kwenye Kola

Mdogo wangu wa tumbo moja alinifutia anwani. Hakunipiga, hakuniibia, hakunitoa nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake, akabonyeza vitufe, na anwani ambayo watu walinipatia kwayo ikafa. Wala hakuniambia. Niliambiwa na mtu baki, aliyeingia karakana akaniuliza mimi mwenyewe kama marehemu Pindo aliacha mtu anayeijua kazi yake.

Pindo ni mimi. Ni fundi cherehani. Shule sikwenda, herufi nilijifunza ukubwani, na nyingi nilizidarizi kwa uzi kabla sijaziandika kwa kalamu. Kazi yangu ni nguo za miili ambayo dukani haina nguo: bega moja limepanda, mgongo umepinda, mkono umeishia kwenye kiwiko. Mafundi wengi wakimwona mtu wa namna hiyo mlangoni hushika futi kama wameshika nyoka. Mimi humpima amesimama, nikampima amekaa, nikampima tena akinyoosha mkono kuchukua kitu mezani, kwa sababu hakuna anayeishi amesimama kama mlingoti. Na kila nguo ya mtoto naiachia upindo mrefu kwa ndani, mtoto akikua irudi niufungue. Jina la Pindo limetoka hapo.

Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Nilimlea chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande vya vitambaa. Cherehani hiyohiyo ikamsomesha mpaka akawa mtu wa kompyuta. Sisemi haya ili nihesabiwe fadhila. Nayasema ili ijulikane kwamba aliponipa neno lake sikuwa na sababu ya kulipima mara mbili.

Alipooa, wifi yangu alikuja na biashara yake ya sare za shule. Mashine zake zikachukua chumba cha mbele chenye dirisha, mimi nikahamia cha nyuma, karibu na stoo. Sare ndizo zilizokuwa zikienda kwa wingi, na mwenye nguvu mpishe. Kisha mdogo wangu akatengeneza tovuti ya karakana nzima, na humo akanipa ukurasa wangu peke yangu.

Nakumbuka alivyonieleza habari ya anwani, amekaa juu ya meza yangu miguu ikining'inia kama zamani. Anwani nzuri, alisema, ni fupi. Herufi zote ndogo, maneno yanayosomeka, hakuna tarehe, hakuna tarakimu za ovyo ovyo. Mtu akiiona tu ajue anakokwenda kabla hajafika. Yangu ikawa jina la karakana, kisha mkwaju, ule mstari uliolala upande, kisha pindo. Basi. Hata mimi niliisoma bila kukwama.

Wakati huo nilikuwa nataka kudarizi namba yangu ya simu kwenye lebo za nguo. Akanikataza.

"Simu huibiwa, dada. Laini hufungwa. Anwani haibadiliki. Shona anwani."

Nikaishona. Kila kola iliyotoka mikononi mwangu tangu siku hiyo ilikuwa na anwani hiyo kwa ndani, kwa uzi wa buluu, mshono wa nyuma, usiofumuka hata nguo ikifuliwa kwa brashi. Watu wangu wengi hutoka mbali. Wanaletwa na sifa, wanapimwa, wanachukua nguo, wanakwenda zao. Majina yao siyashiki. Miili yao naishika. Sikuona haja ya kuandika mahali, maana kola yenyewe ilikuwa inajua njia ya kurudi.

Miaka ikapita. Tovuti ikajaa kama gunia la vitambaa chakavu. Wifi alikuwa akiongeza sketi, soksi, mashati, na kila ukurasa ukipewa jina lolote lililokuja kichwani siku hiyo. Wateja wakawa wanapotea humo ndani. Mdogo wangu akaamua kuipanga upya. Alichora mpango wake kwenye karatasi yangu ya kaki ya kukatia ruwaza: duka, chini yake sare, chini ya sare wasichana na wavulana. Pembeni, huduma. Chini ya huduma, vijumba vidogo. Nilipita na chai nikausifu, kwa sababu ulipendeza kweli, umenyooka kama rinda la pasi. Hakuna aliyenionyesha kijumba changu ni kipi.

Yule mtu baki alikuwa mlinzi wa ghala, mpole, ameshika gauni la binti yake ndani ya mfuko. Niliujua mkono wangu kabla hajalitoa lote. Bega la kushoto limepanda. Zamani binti aliletwa kwangu na bibi yake, ambaye sasa ni marehemu, naye baba hakupajua. Binti amekua, akaeleza, na gauni limempanda magotini. Walifungua anwani ya kwenye kola wakaambiwa ukurasa huo haupo. Wakangoja, wakafungua tena. Mwenzake kazini akamwambia mtu akitolewa kwenye mtandao namna hiyo ujue ameshatangulia mbele ya haki. Basi akachukua gauni akawa anapita nalo kwa fundi mmoja hadi mwingine, akiwaonyesha mshono, mpaka mmoja akautambua na kumwelekeza kwetu. Nilipomwambia Pindo ndiye mimi, alikaa chini. Aliniambia binti alikwishaacha kwenda shule kwa wiki nzima, hataki kuchekwa.

Niliufungua upindo palepale akingoja. Alipoondoka nikaenda chumba cha mbele. Mdogo wangu alikuwa na kompyuta yake magotini, wifi anapanga vifungo kwa rangi.

"Pindo imekwenda wapi?" nikauliza.

"Ipo, dada. Iko chini ya huduma, kwenye marekebisho."

"Mimi sirekebishi nguo. Nashona."

"Ni mpangilio tu. Kwenye anwani haliwekwi jina la mtu. Mtu huondoka, kazi ikabaki."

"Na mimi nimeondoka kwenda wapi?"

Wifi akacheka, mkono haujaacha vifungo. "Wifi naye. Ukurasa umepewa, picha umewekewa, unataka na bendera? Unagombana kama marehemu anayedai jeneza limembana."

Nikamwambia marehemu ni kweli, leo nimepewa pole zangu. Kisha nikamgeukia mdogo wangu nikamuuliza kwa nini ile ya zamani ilifungwa. Akasema aliangalia kwanza. Kuna kitu kinachoonyesha ni watu wangapi wamepita kila ukurasa, na kwa miezi kadhaa kwenye wangu ni kama hakupita mtu.

"Njia isiyopitwa huota majani, dada. Nikaona niifunge."

Hapo ndipo nilipochoka. Mtu aliyekulia chini ya meza yangu, aliyelala juu ya mapindo hayo, aliangalia miezi. Nikamweleza kama namweleza mgeni: sare hununuliwa kila muhula, lakini nguo yangu hairudi mpaka mtoto akue. Mwaka mzima, mwingine miwili, kola inakaa kimya shingoni mwa mtu. Haupitwi na mtu ukurasa wangu kwa sababu upindo bado haujaisha. Siku ukiisha, wanakuja. Na sasa wanakuja wanakuta nimekufa.

Alishika kichwa kwa mikono miwili, na nikajua ameelewa. Akasema dawa ipo, tena ndogo. Unaandikwa mstari mmoja tu, na mtu akigonga anwani ya zamani anabebwa mwenyewe hadi kwenye mpya, hata hajui amehamishwa. Alitakiwa kufanya hivyo tangu mwanzo, akasema, kwa kila anwani aliyoihamisha.

"Nitauweka leo, dada. Hata chai yako haitapoa."

Chai imepoa. Siku ya pili kulikuwa na kazi ya mteja. Baadaye ikawa mtandao una matatizo. Kisha wifi akasema waziwazi kwamba njia mbili kwenda nyumba moja ni uchafu, wametoka kufagia na mimi nataka takataka zirudishwe ndani. Mdogo wangu akainamia kompyuta yake. Yeye ni mtu wa kukwepa maneno tangu utoto, na kumkwepa dada yako ni rahisi kuliko kubishana na mkeo. Sasa akinisikia kwenye korido anaweka simu sikioni.

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta wa barabara ya pili, mzee mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinisikiliza vizuri. Akasema kazi yenyewe ni ndogo mno, lakini ufunguo wa kuingilia anao mdogo wangu, na yeye akiingia bila ruhusa atakuwa mwizi. Nikamwomba tena. Akanirudishia jibu lilelile, akanipa maji ya kunywa. Dua la kuku.

Lebo mpya nimeziacha tupu. Sijui nidarizi nini. Za zamani siwezi kuzifumua, ziko shingoni mwa watu nisiojua wanakaa wapi. Nikishika mkasi nawaona. Yule mwenye mguu mmoja mfupi, kanzu yake ilikuwa imebakiza upindo wa vidole viwili. Wale pacha, mmoja mgongo umenyooka na mwingine umepinda, mama yao alitaka wafanane siku ya picha. Mvulana asiye na kiwiko, aliyekuwa akicheka nikimpima. Wanakua wote. Wakati huu ninapoandika, wanakua.

Majuzi nilijaribu mwenyewe kwa simu yangu. Niligonga herufi moja moja kama ninavyozishona. Kikatokea: samahani, ukurasa huu haupo. Chini yake picha ya sketi za sare, na kitufe cha kuendelea na manunuzi.

Ninachodai si kikubwa. Jina likae chini ya marekebisho kama mpangilio umetaka hivyo, nimekwisha kubali. Kurudishiwa chumba cha dirisha sijaomba. Namdai mdogo wangu mstari mmoja, ule aliosema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba anajua kuuandika na alitakiwa auandike. Watu huniambia mwenye kosa ni wifi. Hapana. Wifi hakuwahi kuniahidi kitu.