Nilivyoshushwa Mlimani kwa Blanketi

Jumamosi iliyopita kanisa letu la North York lilitupeleka kwenye milima ya theluji, mwendo wa saa mbili kutoka Toronto. Sisi tusiojua ski, ule mchezo wa kuteleza kwa mbao miguuni, tulipewa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, tupande kilima polepole.

Katikati nikachoka, nikaketi. Mteremko ule ulinikumbusha utoto wetu kwetu Taita, mimi na marehemu dada yangu Mghoi tukiserereka kwenye maganda ya mgomba mpaka sketi zinatoboka, huku mama akitusubiri na fimbo. Machozi yakanitoka.

Mwanamume mwenye koti jekundu akasimama kando yangu, akivuta kitu mfano wa kitanda kisicho na miguu. "Mama, nikushushe?" akauliza kwa Kiingereza.

Nikajua huo ndio mchezo wetu tusiojua ski. "Nishushe tu, baba!" Nikajilaza. Akanifunika blanketi, akanifunga mikanda, nami nikasifu moyoni ukarimu wa Wakanada. Tukashuka kwa kasi huku nikipiga vigelegele, kama niko na Mghoi. Watu walitupisha kwa heshima, nikawapungia mkono.

Chini nilikuta ambulensi, milango wazi. Mke wa mchungaji alikuwa amepiga magoti kwenye theluji akiniombea kwa sauti.

Mhudumu wa ambulensi akaniinamia. "Unaumwa wapi, mama?"

Mimi, nesi mwenye miaka kumi na moja kazini, nikavuta blanketi mpaka puani.

"Siumwi," nikanong'ona. "Nilidhani ni zamu yangu ya kuserereka."