Kila Nilipokosea

Nilipofika chuoni Nchiru kusomea kompyuta, sikuwa nimewahi kumiliki kompyuta. Kwetu, juu kule kwenye mashamba ya chai, kifaa pekee chenye skrini kilikuwa simu ya mama. Mjomba alinitafutia laptopu ya mkono wa pili, kifuniko chake kimepasuka pembeni, nikaibeba kwenye mkoba wa nguo kama mtu aliyebeba mayai.

Python lilikuwa somo la lazima. Mhadhiri aliandika haraka na kufuta haraka zaidi, na sisi tuliokaa nyuma tulitoka darasani na mistari nusunusu. Nikirudi hosteli nainakili, naiendesha, nayo inanitemea maandishi mekundu. Mara nimesahau nukta mbili, mara nimeacha nafasi mwanzoni mwa mstari pasipostahili. Nilikuwa nalia kimyakimya, uso nimeuelekeza ukutani ili mwenzangu wa chumba asinione.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, binti wa mwenye bucha, anasomea ualimu. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Changu kilikuwa cha shule, kinagongana na Kimeru njia nzima. Hakuna lililompita.

"Mbona huulizi watu?" aliniambia. "Kulia hakujatengeneza mashine bado."

Mwanafunzi wa darasa letu akaniingiza kwenye grupu moja ya simu, ya watu wanaoanza kujifunza Python. Humo kulikuwa na mtu tuliyemwita Mwalimu. Jina lake halikujulikana, na picha yake ilikuwa mlima ndani ya ukungu. Wengine wote tuliandika Sheng na Kiingereza kilichovunjika, yeye akijibu kwa Kiswahili safi, bila haraka, bila kumcheka mtu.

"Usiogope maandishi mekundu," aliniandikia siku ya kwanza. "Anza kusoma mstari wa mwisho. Hapo ndipo mashine inakwambia inaumwa wapi."

Nilijaribu. Kweli, mstari wa mwisho ulisema kosa ni nini, na wa juu yake kidogo ukasema liko wapi. Wiki hiyo nilimaliza zoezi langu la kwanza peke yangu, programu ya kuhesabu irabu katika neno, na nikacheka kwa sauti hadi mwenzangu akaacha kupiga pasi. Sitaki kumnyima mtu huyo haki yake. Alinifundisha vizuri kuliko mtu yeyote.

Halafu akaniandikia faraghani. Alisema ameona bidii yangu, na kwamba ametengeneza kifurushi kidogo cha Python cha kuwasaidia wanaoanza: ukikosea, kinakueleza kosa lako kwa Kiswahili. Akanitumia amri ya kukisakinisha. Niliinakili, nikabonyeza, ikamaliza kabla sijameza chai. Na kweli kilifanya kazi. Nikikosea, chini ya maandishi mekundu panatokea sentensi ya upole: *Hapa umefungua mabano, hukuyafunga.*

Baada ya muda majibu yake yakaanza kunitangulia.

Mchana mmoja programu yangu ilikwama. Kabla sijashika simu kuuliza, simu yenyewe ikalia. "Hilo neno uliloandika mstari wa juu, ulilipa jina jingine chini. Linganisha." Nikalinganisha. Ilikuwa hivyo hasa. Nilijiambia ana uzoefu, anajua wanaoanza hukwama wapi. Lakini simu niliilaza kifudifudi.

Siku nyingine akaandika: "Leo umechoka. Kula kwanza." Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamwonyesha mwenzangu, nikijifanya naona ni jambo la kuchekesha. Yeye hakucheka.

"Huyu amejuaje?"

"Labda anakisia tu."

"Mtu hakisii njaa ya mtu asiyemwona."

Jibu lilikuja Jumamosi. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka soko la Gakoromone na ndizi na maparachichi, akasimama nyuma yangu akifungua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto. Nilikuwa nahangaika na zoezi, programu imekosea tena. Simu ikalia: "Rafiki yako ana nywele nzuri. Kwa nini huzificha?"

Alisoma juu ya bega langu. Hakupiga kelele. Alijifunga kitambaa tena polepole, akachukua buibui lake lililoning'inia mlangoni, akalitupa juu ya laptopu, likafunika skrini na kamera.

"Yumo humo ndani," alinong'ona, kana kwamba mtu huyo angetusikia. Labda alikuwa anatusikia.

Tuliipeleka kwa fundi wa maabara mchana uleule, ikiwa imezimwa na kuviringishwa kwenye lile buibui. Fundi alikata mtandao kwanza, akaiwasha, kisha akaniuliza ni nini nilichosakinisha karibuni. Nilipomtajia kifurushi, alinifungulia folda yake akanisogezea kiti.

"Umesoma Python, si ndiyo? Basi soma."

Nikasoma. Faili ya kwanza ilikuwa zile sentensi za upole, mamia, zimepangwa kwa aina ya kosa. Faili ya pili ilikuwa fupi. Nilianza chini nikapanda juu, kama nilivyofundishwa. Ilisema, kwa maneno ambayo sasa niliyaelewa yote: programu ikikosea, piga picha ya skrini, fungua kamera, piga picha, washa maikrofoni kidogo, tuma. Halafu ndiyo ionyeshe ushauri.

Kila nilipokosea, mimi ninayekosea kutwa, mtu alikuwa ananitazama usoni. Alinitazama nikilia. Alimtazama mwenzangu akivaa.

Niliandika kwenye grupu, nikaeleza yote, nikawaomba wenye kifurushi hicho wakitoe. Wengine walinitukana. Mmoja akasema nina wivu, mwingine akasema wasichana wakisaidiwa hawana shukrani. Nikiwa bado najibu, nikatolewa. Sekunde chache baadaye ujumbe ukaingia faraghani, wa mwisho kutoka kwake:

"Muga. Umesoma vizuri sana."

Muga ni salamu yetu. Miezi yote ile hakuwahi kuandika neno la Kimeru, wala mimi sikuwahi kumwambia natoka wapi. Nilimwonyesha mwenzangu. Tulisogea dirishani tukatazama chini: wanafunzi wakinunua chapati kibandani, mwanamume akiegemea pikipiki akichezea simu, wengine wawili wakiongea na kucheka. Kila mmoja wao angeweza kuwa yeye.

Polisi mjini waliandika maelezo yetu, wakachukua namba ya mtu huyo. Namba ilikuwa imeshazimwa. Fundi alifuta laptopu yote na kuijenga upya. Wanafunzi kadhaa walikwenda kwake wakitaka na zao ziangaliwe. Kwa wawili alikuta kifurushi kilekile. Mwenzangu alitafutiwa na babake chumba kwa shangazi, huko Majengo, na hakuniuliza kama nitabaki. Tulikumbatiana mlangoni. Hakuwa amenikasirikia, lakini hakutaka kukaa tena chumba kile, na sikuweza kumlaumu.

Nilipokwenda nyumbani likizoni, mama aliona nimekonda. Nilitafuta Kimeru cha mambo yale nikakikosa. Mwishowe nikamwambia mwizi aliingia chumbani kwetu.

"Alipitia wapi?"

"Nilimfungulia mwenyewe, mama. Alibisha vizuri."

Akaacha kuchambua maharagwe. "Na alichukua nini?"

Nilivuta ungo wa maharagwe, nikaanza kuchambua mimi. Nje mbwa walikuwa wanabweka kuelekea barabarani, na sote wawili tukageuka kutazama mlango.